Njomba, uza hiyo IST ununue nyingine

Binamu yangu wa Masasi ana Toyota IST inayovuta kwa mbele, NCP61. Mwaka juzi akapata IST ya fowili, yaani inayovuta tairi zote nne, NCP65, iliyopinduka. Bodi imefinyika, vya chini vyote vizima. Akanipigia kwa furaha ya mtu aliyeokota: "Njomba, injini ile ile, gari lile lile. Nahamisha gia boksi, propela na difu, msimu wa korosho nashuka nalo mpaka bondeni Ruvuma."

Nikamwambia asithubutu. Hakusikia. Nalirudia hapa kwa sababu kuna mafundi wanaoiahidi kazi hii kana kwamba ni kubadilisha bushi.

Gari si lile lile. IST ya kuvuta mbele, nyuma ina mhimili mmoja uliolala toka tairi hadi tairi, na tangi limekaa chini ya kiti cha nyuma, palepale propela, ule mhimili wa kupeleka nguvu nyuma, inapotaka kupita. Ya fowili tangi lake limeachia njia, na sakafu ina mahali pa kufungia difu, ile gia inayogawa nguvu kwa tairi za nyuma, ambapo kwenye yako hapapo. Hapo spana zinawekwa pembeni, linachukuliwa grainda. Fundi akachomelea vishikio kwa kukadiria macho. Tangi la asili likagoma kuingia, akatengeneza jingine la bati. Tangu siku hiyo ukikaa kiti cha nyuma unanusa petroli, na binamu anakwambia fungua kioo.

Nakiri kitu kimoja kinashawishi: fowili ya IST haihitaji kompyuta wala swichi. Kabla ya difu kuna kopo lenye visahani ndani ya mafuta mazito ya silikoni. Tairi za mbele zikiteleza na kuzunguka kuzidi za nyuma, mafuta yale yanaburuza visahani vya upande wa pili, nguvu inakwenda nyuma. Rahisi, na inafanya kazi. Ila kopo halijui tope na halijui kipara. Binamu alikuwa na tairi mbili mpya zenye kashata, yaani meno ya kushika tope, akazifunga nyuma, mbele akabakiza vipara. Tairi iliyolika ni ndogo, inazunguka zaidi. Basi Masasi hadi Mtwara, karibu kilomita 200 za lami kavu, kopo lilikuwa linaburuza njia nzima. Tulipofika nikainama kuchungulia. Joto lilinipiga usoni kabla sijaona kitu.

Halafu ikaja safari yenyewe, chini ya Newala, mvua imeshaanza. Malori ya korosho yalikuwa yamechimba mifereji miwili, katikati limebaki tuta la udongo mwekundu. IST ikaingia mita kama kumi, tumbo likakaa juu ya tuta. Binamu akakanyaga mafuta. Tairi zote nne zikazunguka vizuri kabisa, mbele na nyuma, kama alivyoahidi fundi. Gari halikusogea hata shubiri. Vijana wa pale wakatutoa kwa majembe, na bei walipanga wao.

Huku kwetu kinachokwamisha gari dogo mara nyingi ni tumbo na tairi, kabla hujafika kwenye idadi ya magurudumu yanayovuta. Na kuna njia zisizojali chochote: Mei 2024 maji yalipokata barabara ya Kusini pale Somanga, wenye fowili nao walikwama. Kama kweli unaitaka, uza ya mbele, ongeza pesa, ununue NCP65 iliyotoka kiwandani hivyo. Pesa aliyolipa gereji, pamoja na lile gari la kuchinja, ingefidia sehemu kubwa ya tofauti. Kama huna, nunua tairi nne za saizi moja zenye kashata, mvua ikizidi panda bodaboda.

Juzi kanipigia tena. Anauliza springi za gari gani zinaweza kuingia, alinyanyue kidogo.