Wa Juu Amwambie wa Chini

Hapa Köln, Ujerumani, kando ya Mto Rhine, kuna mnara wenye uso kama wa saa. Mgeni hudhani unaonyesha muda, kumbe unaonyesha kimo cha maji: mshale mfupi unasoma mita, mrefu unasoma sehemu za kumi za mita. Maji yakifika mita 6.20 meli zinapunguza mwendo, yakifika 8.30 zinasimama zote. Jana nimepita pale na mfuko wangu wa viazi, nikautazama, hasira ikanipanda. Ndiyo, nimeukasirikia mnara.

Maana sisi wa Kirumi, kando ya Mto Mara huko Tanzania, tulijuaje, Machi 2022, kwamba mto wetu umeharibika? Kwa pua. Maji meusi, samaki wanaelea, picha zinazunguka WhatsApp. Baadaye ikaja kamati na jibu lake: kinyesi na mikojo ya ng'ombe. Utani wake mnaukumbuka, wengine ndio mlioutunga.

Nawasikia tayari: "Kaonja mkate wa Wajerumani, sasa anatufundisha mto." Taratibu, ndugu zangu. Sijasema Wazungu ni malaika. Rhine hii ilikuwa mtaro wa viwanda. Tarehe 1 Novemba 1986 ghala la kemikali la Sandoz liliungua karibu na Basel, Uswisi, maji ya kuzimia moto yakaingia mtoni, mto ukawa mwekundu na mikunga wakafa kwa maelfu. Majirani wa chini waliwaka: Uswisi imechelewa kutuambia! Tume ya kuulinda mto walikuwa nayo tangu 1950, lakini aibu ile ndiyo iliyoitia meno. Leo sumu ikimwagika huko juu, vituo vya tahadhari vinapashana habari hadi Uholanzi, na wanaochota maji ya kunywa wanafunga milango mapema.

"Na sisi tuna Tume ya Bonde la Ziwa Victoria pale Kisumu." Tunayo. Na kila Septemba 15 tuna Siku ya Mara, fulana na hotuba hazikosekani. Ninachouliza ni kimoja: karibu theluthi mbili ya bonde la Mto Mara iko Kenya, je, maji yakichafuka Bomet, nani anampigia simu nani Tarime? Usiku huohuo, si baada ya kikao.

Na msiniambie hatuwezi. Kwenye Nile hatuchezewi. Nyerere aliukataa mkataba wa Waingereza na Misri wa 1929 kuhusu maji ya Nile tangu 1962, na makubaliano mapya yaliyosainiwa Entebbe 2010 yalianza kutumika Oktoba 2024, Cairo ikinuna. Hata kushtakiana tunajua: shirika la Nairobi liliipeleka Tanzania kwenye Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha, kwa sababu ya barabara iliyopangwa kukatiza Serengeti, likashinda 2014. Wakulima wa Uholanzi waliushtaki mgodi wa Ufaransa kwa chumvi iliyomwagwa Rhine, wametuzidi nini? Kifua tunacho mbele ya Misri, ila kwa jirani wa ng'ambo ya mpaka wa Sirari, tunayekunywa naye chai, tunaona soni kumuuliza.

Kuna atakayesema vipimo vipo, kituo cha Mara Mines kinasoma maji miaka mingi, wataalamu wanazo namba, mvuvi hazimhusu. Hazimhusu vipi? Mwaka ule mvuvi ndiye aliyetangulia kuuona weusi, kamati haijateuliwa.