Presha ya Mimba Haiishii Leba

Mwanamke wa miaka 50 akifika kliniki ya presha ataulizwa kuhusu chumvi, sigara na kisukari cha wazazi wake. Mimba zake ni nadra kutajwa. Ilhali uchambuzi uliochapishwa Uingereza mwaka 2007 ulionyesha kwamba waliowahi kupata presha ya mimba yenye protini kwenye mkojo, ile inayoweza kuishia kifafa cha mimba, baadaye walikuwa na hatari ya ugonjwa wa mishipa ya moyo takriban mara 2 ya wenzao, na ya presha ya kudumu zaidi ya mara 3.

Wenye shaka kama kuuliza kuhusu mimba kuna faida wana hoja nzito. Watafiti wa Norway walikuta kwamba ukishajua presha, kolesteroli na hali ya sigara ya mwanamke, historia ya mimba inaongeza kidogo sana kwenye makadirio ya hatari yake ya ugonjwa wa moyo. Uingereza nako, utafiti wa mwaka 2003 ulikuta kwamba baada ya watoto 2, kila mtoto wa ziada aliendana na ongezeko la asilimia 30 la uwezekano wa maradhi ya moyo kwa mama, na asilimia 12 kwa baba. Baba hakubeba mimba! Basi angalau sehemu ya mzigo ni ya maisha ya kulea, na wanaosema "kazaa mno, ndiyo maana anaumwa moyo" wanakimbilia jibu jepesi.

Ila hoja ya Norway ina sharti: presha ya mwanamke iwe inajulikana. Kwetu, wengi hupimwa wakiwa wajawazito, basi. Vipimo vyote vimo kwenye kadi ya kliniki. Mtoto akizaliwa, kadi hiyo inaingia sandukuni na ya mtoto inaanza. Mama atarudi kliniki ile ile mwezi baada ya mwezi. Mtoto ananing'inizwa kwenye mzani, anachanjwa, anaandikwa. Mkono wa mama hauguswi.

Hapo ndipo ningeweka mashine ya presha. Muuguzi mwenye foleni hadi mlangoni atauliza muda atautoa wapi, na dawa atazitoa wapi akishamkuta mgonjwa. Ana haki ya kuuliza, na kupima bila dawa ni kumtwisha mtu hofu tu. Lakini si lazima tuanze na akina mama wote. Waliopata kifafa cha mimba au presha kali tayari wameandikwa kwenye kadi zao. Hao ni wachache, na wanafahamika.