Siyo umbali wa Jua jamani

Makala nzuri, ila hapo uliposema mianga ya ncha za dunia (aurora, zile taa za rangi angani) huzidi Machi na Septemba kwa kuwa Jua liko karibu, hapana. Dunia hulikaribia Jua zaidi mwanzoni mwa Januari! Sababu ni mwinamo wa mhimili wetu, nyuzi 23.5. Miezi hiyo, uga wa sumaku unaobebwa na upepo wa jua (chembe zinazotiririka kutoka Jua) hupata kuelekea kusini kirahisi zaidi, kinyume na uga wa Dunia. Mwanangu juzi kachomoa sumaku mbili kwenye spika mbovu: zinasukumana, geuza moja, zinanasa pa! Uga wa upepo wa jua na wa Dunia ukinasana hivyo huko juu, nishati inaingia na mianga inazidi. Wanasayansi Russell na McPherron walilieleza mwaka 1973. Hata dhoruba ya sumaku iliyozima umeme Quebec, Kanada, kwa saa 9 nzima ilikuwa 13 Machi 1989. Ingawa ile dhoruba kubwa ya sumaku ya Mei 2024 haikungoja msimu.