Samli au mafuta?

Kila Idi ikikaribia, Kariakoo utamsikia mteja akishangaa bei ya halua: "Kilo moja hela yote hiyo? Mtaa wa pili wanauza nusu!" Hiyo ya mtaa wa pili naijua. Pa samli pametiwa mafuta ya kupikia, pa zafarani pametiwa rangi ya pakiti. Inang'aa kweli, lakini ukiila inakuganda kwenye kaakaa, na kahawa chungu haiiondoi.

Viwanda vya halua vya ukoo, ambavyo babu alimwachia baba na baba naye anatafuta wa kumwachia, watu husema vinauawa na mashine. Mimi nawalaumu wanunuzi.

Aliyewahi kuona halua ikisongwa hawezi kugombania bei. Sukari na maji vikishachemka kwenye karai, unamiminwa uwanga uliovurugwa, na kuanzia hapo mwiko haupumziki. Ukizubaa kidogo tu inashika chini, na harufu ya kuungua ikishaingia hakuna iliki ya kuificha. Samli inatiwa kidogo kidogo: inyweke kwanza, ndipo itiwe nyingine. Kazi ni ya masaa, jasho linamtiririka fundi, mpaka ule uji mzito uanze kujiachia pembeni na kuitema samli. Kipimajoto hakipo. Fundi anainua mwiko, anatazama tonge linavyodondoka, anajua.

Wapo wanaosema bila kuni si halua. Sikubaliani nao. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034, na mtu aliyevuta moshi wa karai tangu utotoni hana sababu ya kuupinga. Gesi iwake. Hata mota ya kuzungusha mwiko, SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, wakiiweza, iletwe; nani anataka kurithi maumivu ya mgongo ya baba yake? Ninachokataa ni kukatisha muda wa motoni na kubadilisha vinavyoingia karaini, halafu kuuza kwa jina lile lile.

Iliki tunayo, inalimwa Amani kule Muheza. Zafarani ndiyo inavuka bahari, na ughali wake unajulikana. Basi kwenye boksi paandikwe wazi: samli au mafuta, zafarani au rangi. Anayetaka ya bei rahisi achukue, hakuna ugomvi. Ila asije kumwambia fundi wa samli kwamba anawaibia watu.