Matembele niliyoyala bila kuyajua

Mwezi uliopita niliumbuka kwa mama lishe mmoja hapa Dar es Salaam, jirani na kazini kwangu. Nimemaliza wali maharage, jicho liko kwenye simu, nikainua kichwa kulalamika: "Mama, leo mbona umeninyima mboga?" Akanitazama, akaitazama sahani. Ukingoni palikuwa na michirizi ya kijani. "Baba, matembele umeyala yote. Nikuletee kioo uangalie meno?" Benchi zima likaangua kicheko. Nilicheka nao, ila nilirudi ofisini nimejiinamia. Kitu nilichokitia mdomoni dakika 5 zilizopita sikikumbuki. Pale nilikuwa nakula au nafakamia?

Mitandaoni siku hizi kula kwa utulivu kunauzwa kama bidhaa iliyoshuka jana na meli, pamoja na mbegu za chia na unga wa bei mbaya. Sina ugomvi na mbegu. Lakini wengi tuliokulia kwenye sinia hayo tulifundwa mkekani: nawa, taja jina la Mungu, kula mbele yako, usivuke upande wa mwenzio, nyama iache katikati mpaka mkubwa aigawe. Tonge la mkono nalo lina akili yake. Vidole vinaonja moto kabla ulimi haujaungua, na vikishalowa mchuzi huwezi kushika simu. Waislamu tuliongezewa na hesabu: theluthi ya tumbo ni ya chakula, theluthi ya kinywaji, theluthi ya pumzi. Mwili wenyewe unaikubali hesabu hiyo, kwani ubongo huchukua kama dakika 20 kupata habari kwamba tumbo limeshiba. Anayemaliza sahani kwa dakika 6 anaongeza nyingine kwa njaa ambayo haipo.

Sinia nayo isipambwe kupita kiasi. Kwetu tulikuwa watoto 7, na adabu zile zilidumu mpaka mama alipogeuza mgongo. Mdogo wangu alijifunza kumeza bila kutafuna. Na zipo nyumba ambazo minofu ilikwenda kwa wanaume sebuleni, waliopika wakabaki jikoni na mchuzi.

Kinachonikera zaidi ni unga. Tunachukua mahindi, tunayakoboa mpaka yawe meupe kama chaki, pumba na kiini tunawapa kuku, halafu tunapanga foleni duka la dawa kununua vidonge vya vitamini. Nyuzinyuzi na sehemu kubwa ya vitamini B zimekwenda na zile pumba. Kuku wanatucheka. Mtu akipikiwa dona, ugali wa mahindi yasiyokobolewa, ananuna, anasema amerudishwa bweni. Mimi nimehamia dona, kwa sharti moja: nijue mahindi yalikaushwaje, maana sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa nafaka, haina masihara. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara, na kwenye punje iliyoingiwa na ukungu sehemu kubwa ya sumu hukaa kwenye ganda na kiini, ambavyo dona inavibakiza.

Jambo jingine ni chai. Chai ya rangi juu ya maharage na mchicha huzuia mwili usifyonze madini ya chuma yaliyomo, wakati ndimu iliyokamuliwa kwenye kachumbari husaidia yafyonzwe. Mama mjamzito anaambiwa damu imepungua, anakula mchicha kila siku, na kila siku anausindikiza na kikombe cha chai. Asiiache chai, aisogeze tu saa moja au mbili mbele.

Tuje kwenye shukrani. Mtu mwenye mlo mmoja kwa siku asihubiriwe kushukuru. Apewe wa pili. Nazungumza na sisi tulioshiba. Nyumbani tulikuwa hatunyanyuki bila kusema "Asante kwa chakula," na mama akijibu "Asante kushukuru." Nilidhani ni adabu ya watoto tu. Sasa naona lile neno lilinilazimisha nigeuze uso nimwangalie aliyepika. Huyu mama lishe wetu anawasha mkaa saa kumi alfajiri, maharage yameshalala kwenye maji tangu jana yake, na mimi nilikuwa nampa hela bila kunyanyua macho.

Basi simu nikaihamishia mfukoni. Siku mbili za kwanza zilikuwa ndefu. Nilijikuta nahesabu magari na kusoma maandishi ya kwenye kanga yake. Siku ya tatu nikatafuna matembele taratibu, nikahisi utamu fulani kwa nyuma, laini, kama wa nazi. Nikafurahi pia kwa sababu vitamini A ya majani inataka mafuta kidogo ili mwili uifaidi.

"Mama, leo umeyatia nazi?"

Akaweka mwiko chini. "Leo? Baba, miaka miwili unakula hapa. Nazi ipo tangu siku ya kwanza."