Nguo Zikivunda Masika, Msimfokee Dada

Masika haya nimesikia tena, kupitia dirishani, dada wa kazi akifokewa kwa sababu mashati ya bosi wake yananuka. Ameitwa mvivu. Ameambiwa anabania sabuni. Imeniuma, kwa sababu nilimwona akiyafikicha tangu asubuhi, akayasuuza, akayaanika. Mvua ikashuka, akayaanua mabichi na kuyabananisha kwenye kamba ya korido isiyo na dirisha. Hakuwa na pengine pa kuyaweka.

Jamani, uvundo ule huletwa na nguo kukaa mbichi muda mrefu. Mwaka 2012 watafiti wa Japani walimtaja mhusika mkuu: bakteria aitwaye Moraxella osloensis. Huishi kwenye ngozi zetu, hubaki hai hata nguo ikikauka, na akipata unyevu hula jasho na mafuta yaliyosalia ndani ya uzi, kisha hutoa asidi yenye harufu ile tunayoijua wote. Ndiyo maana shati huweza kutoka kabatini likiwa halina neno, ukapanda nalo daladala, na kabla hujafika Posta jasho limeshaamsha kila kitu.

Sasa dawa iliyonunuliwa katika nyumba ile ni chupa kubwa ya kilainishi chenye marashi. Hili ndilo linalonikera kuliko yote. Kilainishi hakiui bakteria wala hakiondoi mafuta. Huacha utando juu ya uzi. Taulo linalotiwa humo kila mara huwa laini lakini halinyonyi maji vizuri. Kuongeza sabuni ya unga bila kuongeza maji ya kusuuza nako ni kuacha mabaki mengine ya kushika uchafu. Marashi juu ya uvundo hutoa harufu ya tatu, mbaya kuliko zile mbili.

Najua watu wa pwani mtanijibu kwa udi. Haya, nakubali, hakuna kanzu inayonukia kama iliyofukizwa juu ya chetezo. Lakini bibi zetu walifukiza nguo safi iliyokwisha kukauka. Hawakumtuma udi kazi ya jua.

Kinachosaidia ni hewa. Tundika kila shati kwenye hanga lake, acha nafasi katikati, fungua dirisha, washa feni izielekee. Usiloweke nguo usiku kucha kwenye beseni, hasa joto hili la Dar. Kanga, shuka na taulo za pamba zilizokwisha kuvunda zirudishe kwenye maji ya moto na sabuni, kisha zikikauka zipigwe pasi. Jezi na sare za poliesta ni ngumu zaidi, maana uzi wake hung'ang'ania mafuta ya mwili. Hizo zifuliwe siku ileile zilipovuliwa. Siki kidogo kwenye maji ya kusuuza inafaa, ila kamwe usiichanganye na Jik. Mchanganyiko huo hutoa hewa ya klorini, na anayeivuta ni huyohuyo dada aliyeinamia beseni.

Kwa hiyo, jirani, ile fedha ya kilainishi nunua hanga. Na mvua ikinyesha, mruhusu atundike nguo sebuleni chini ya feni, hata kama wageni wanakuja.