Chama cha hempu kitupe vipimo, sifa tumeshazisikia

Chota konzi moja ya zege la hempu kutoka kwenye mashine, mkono ukiwa ndani ya glavu, ulifinyange kama tonge la ugali. Likishikana, na ukilibonyeza kwa kidole gumba likakatika vipande viwili au vitatu, mchanganyiko uko sawa. Likichuruza maji kati ya vidole, maji yamezidi na ukuta utakaa wiki nyingi bila kukauka. Likipukutika kama pumba, chokaa imekosa maji. Jaribio hili halina gharama, na kwangu lina maana kuliko vipeperushi vingi vya vyama vinavyoinadi hempu kama nyenzo ya ujenzi isiyoharibu mazingira.

Kwa asiyeifahamu, hempu ni mmea uleule wa bangi, Cannabis sativa, wa aina isiyolevya. Usiichanganye na katani ya mkonge. Marekani iliruhusu kilimo chake kwa sheria ya kilimo ya Desemba 2018, mradi THC, kile kiambata kinacholevya, isizidi asilimia 0.3 ya uzito mkavu. Bua likishachunwa nyuzi hubaki kiini chepesi mfano wa ubao laini. Kikikatwakatwa tunapata chenga. Chenga, chokaa na maji, basi, ndiyo zege lenyewe. Jina hilo la zege huponza watu. Nguvu yake ya kuhimili mgandamizo kwa kawaida haifiki hata megapaskali 1, kwa hiyo paa na ghorofa hubebwa na fremu ya mbao, hempu ikijaza nafasi na kuzuia joto na baridi kupita.

Marekani kuna chama cha wanaojenga kwa hempu, U.S. Hemp Building Association, na taasisi dada yake, U.S. Hemp Building Foundation, ndiyo iliyopeleka pendekezo la kuiingiza hempu katika kanuni za ujenzi wa nyumba za kuishi. Likapita: toleo la 2024 la International Residential Code lina Kiambatisho BL kinachohusu ujenzi wa hempu na chokaa. Hiyo ni kazi ya kuheshimiwa. Kabla yake kila mjenzi alianza upya na mkaguzi wa mji wake, akilipa mhandisi kueleza jambo ambalo jirani yake wa jimbo la pili ameshalieleza. Lakini kiambatisho hakina nguvu mpaka jimbo au mji ukikubali kwa jina lake. Chama kikidhani kazi imeisha siku kitabu kilipochapwa, kimewaacha mafundi njiani.

Wafaransa walilijua hili mapema. Mwaka 1986 huko Nogent-sur-Seine, hempu ilitumika kujaza kuta za nyumba ya kale ya fremu ya mbao iitwayo Maison de la Turque. Chama chao, Construire en Chanvre, kilianzishwa mwaka 1998, kikajikita katika kanuni za kazi: ukuta uchanganywe hivi, paa hivi, sakafu hivi, na chenga zipimwe pamoja na chokaa itakayotumika nazo, kwa sababu chenga nzuri na chokaa nzuri zinaweza zisipatane. Ufaransa mjenzi hubeba dhamana ya miaka 10 na lazima awe na bima. Bila kanuni zinazokubalika, bima ni shida, na bila bima hakuna kazi. Kanuni ndizo zilizoifungulia hempu mlango.

Sasa vipimo vyenyewe. Kwa ukuta, uwiano unaojulikana sana ni 1 kwa 2 kwa 3 kwa uzito: gunia la chenga la kilo 20, kilo 40 za chokaa ya ujenzi iliyotengenezwa kwa kazi hii, na takriban lita 60 za maji. Utapata kama lita 200 za ukuta, yaani theluthi mbili ya mita ya mraba ukiwa na unene wa sentimita 30. Kwenye paa chokaa hupungua, kwenye sakafu huongezeka. Mashine ya sufuria yenye visu ndiyo inayofaa. Ya pipa huelekea kuviringisha mabonge.

Kosa linalorudiwa sana ni kuweka saruji tupu mahali pa chokaa ili kuokoa fedha. Chenga hunywa maji kuliko uzito wake mara kadhaa, zikiinyang'anya saruji maji iliyoyahitaji ili igande, na sukari iliyomo kwenye bua huchelewesha ugandaji zaidi. Nje ukuta unaonekana mgumu. Ukitoboa katikati unakuta unga mkavu unaomwagika.

Kosa la pili ni kushindilia. Fundi aliyezoea zege la kawaida hukandamiza kwa nguvu zote, anaua zile nafasi za hewa ambazo ndizo kazi ya ukuta huu. Mwaga tabaka la sentimita 15 hadi 20, lisawazishe, kandamiza kidogo kando ya mbao za kufungia, zile zinazolishikilia zege mpaka lishike, na kuzunguka nguzo za fremu, katikati liache. Mbao za kufungia huweza kutolewa siku inayofuata na kupandishwa. Anza juu ya msingi wa mawe au matofali ulioinuka walau sentimita 20 toka ardhini, wenye kizuizi cha unyevu. Chokaa mbichi huunguza macho na ngozi. Miwani na glavu si hiari.

Kisha subira. Ukuta wa sentimita 30 unahitaji wiki sita hadi nane za hewa nzuri, zaidi kwenye baridi na mvua, kabla ya kupigwa plasta. Na plasta iwe ya chokaa au udongo. Ya saruji hufungia unyevu ndani, kama wanavyojua wanaotunza nyumba za mawe na chokaa za Mji Mkongwe Zanzibar, ambako plasta ya saruji juu ya kuta za kale imeleta hasara.

Sifa inayonikera ni ile ya kwamba kila ukuta wa hempu "umemeza hewa ya ukaa kuliko ulivyotoa". Tuhesabu. Mita moja ya ujazo ina karibu kilo 100 za chenga. Takriban asilimia 45 yake ni kaboni, sawa na kilo 165 hivi za hewa ya ukaa iliyovutwa na mmea. Upande wa pili kuna kilo 200 za chokaa. Ikiwa ni chokaa iliyozimwa tupu, jiwe lililochomwa tanurini kuitengeneza limetoa karibu kilo 119 za hewa hiyo, bado hujahesabu moto wa tanuri wala lori. Chokaa ukutani huinyonya tena sehemu kubwa ya hiyo polepole kwa miaka. Faida ipo, lakini ni nyembamba, na hutegemea tanuri, aina ya chokaa na umbali wa shamba.

Ndiyo maana naipenda kazi ya Lower Sioux, jamii ya wenyeji asilia wa Marekani huko Minnesota: wanalima hempu, wanachakata mabua kwao, na wanajengea nyumba za watu wao. Mnyororo wote uko mahali pamoja. Sehemu nyingine mkulima analima bila kujua kiwanda kilipo, na Tanzania au Kenya hata kuulima mmea huu bila kibali ni kosa la jinai.

Ningekuwa na sauti ndani ya chama, ningeomba kitu kimoja kabla ya maonyesho mengine yoyote ya biashara: daftari la wazi la kuta zilizoharibika. Picha ya ukuta uliotobolewa, uwiano uliotumika, aina ya chokaa, hali ya hewa ya wiki hizo, na siku plasta ilipopigwa.